Antikythera: kisiwa cha kilomita za mraba 20, kozi anayepita pwani yetu na meli iliyozama. Naomba ufafanuzi

Hua_wa_Tanga aliuliza:

Wakuu, hamjambo humu. Naomba kuelekezwa kuhusu kisiwa kimoja cha Ugiriki kinachoitwa Antikythera. Kwenye orodha za ndege wa pwani yetu yumo kozi wa Eleonora, ndege mwindaji, mpita njia wa mwezi wa 10, wa 11 na wa 4, na kila maelezo ya mahali anapotagia yanakitaja hicho kisiwa. Ukilitafuta jina hilohilo mtandaoni unakutana na meli iliyozama na mashine ya shaba ya kuhesabia jua na mwezi, ukurasa baada ya ukurasa. Kisiwa chenyewe hakisemwi.

Kiko wapi hasa, kikoje, nani anaishi pale? Kwa nini kozi wengi hivyo wajazane kwenye mwamba mdogo, na kwa nini (hapa ndipo ninapochanganyikiwa) wanataga mwishoni mwa mwezi wa 7 wakati ndege wengine wa Ulaya wameshalea na kumaliza? Huku wanafikaje? Na ile meli ilikuwa na shughuli na kisiwa, au ilivunjikia tu pale? Mwenye uhakika tafadhali.

---

Mzee_wa_Ramani alijibu:

Tuanze na ramani, maana nusu ya majibu yako imo humo. Tafuta ncha ya kusini mashariki ya Peloponnese (lile pande kubwa la kusini mwa Ugiriki bara), Rasi Maleas. Shuka kusini utakutana na Kythera, kisha Antikythera, kisha pembe ya kaskazini magharibi ya Krete. Jina lenyewe maana yake ni "iliyo mkabala na Kythera". Toka Kythera ni kama kilomita 38, na kuifikia Krete ni karibu umbali huohuo. Ni safu moja ya milima: imetoka Peloponnese, ikazama, ikachomoza vilele viwili vitatu, ikainuka tena Krete. Upande mmoja ni Bahari ya Aegean, upande wa pili Mediterania iliyo wazi. Chombo au ndege anayetoka kaskazini kwenda kusini, au mashariki kwenda magharibi, hapo ndipo kwenye mlango.

Ukubwa ni kilomita za mraba 20 na kidogo. Ungehitaji Antikythera 80 kuijaza Unguja. Urefu wake ni kilomita 10 na ushee, upana hauzidi 3 na nusu, na kilele chake, Plagara, kina mita 378. Mwamba ni wa chokaa, na chokaa haishiki maji: mvua ikinyesha inapenya nyufa na kupotelea chini. Ndiyo maana kuna kichekesho kwenye majina yake. Kijiji kikuu kinaitwa Potamos, yaani "mto", na ghuba ya pili inaitwa Xeropotamos, "mto mkavu". Jina la pili ndilo linalosema kweli. Watu waliishi kwa kukinga mvua kwenye mabirika na kujenga matuta ya mawe makavu mlima mzima ili udongo usikimbie. Matuta bado yapo, wakulima hawapo. Kati ya 2005 na 2007 wanaakiolojia wa vyuo vikuu vya Uingereza na Kanada walikitembea kisiwa chote kwa miguu, wakipanga mstari na kuokota na kuandika kila kigae. Picha iliyotoka ni ya kisiwa kilichojazwa na kuhamwa, kikajazwa tena na kuhamwa tena, tangu zama za mawe. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 68, ya 2021 ikahesabu 39. Mbuzi walioachwa porini ni wengi kuliko watu kwa mbali sana, na ndio wanaoamua mmea gani uishi: vichaka vya miiba, mitarakwa mifupi iliyolazwa na upepo, na majani yenye harufu kali ambayo mbuzi hayataki.

Kwa historia, zamani kisiwa kiliitwa Aigilia. Juu ya Xeropotamos kuna ngome yenye kuta, iliyotumika toka karne ya 4 hadi ya 1 kabla ya Kristo, kwenye himaya ya mji wa Falasarna wa Krete. Biashara kubwa ya ngome hiyo ilikuwa uharamia, na Warumi ndio waliokuja kuizima. Wachimbaji wameokota pale risasi za kombeo, madonge ya metali yenye umbo la kokwa ya tende, nyingine zikiwa na jina la wenyewe. Chini ya ngome kuna mteremko uliochongwa kwenye mwamba wa kupandishia meli nchi kavu. Leo hauigusi bahari. Sababu ni tetemeko la tarehe 21 Julai mwaka 365: liliinua magharibi ya Krete hadi mita 9 kwa mkupuo, na Antikythera nayo ikanyanyuka mita chache. Wimbi lake lilifika mpaka Alexandria. Ukitembea kando ya maji utaona mstari wa mashimo ya viumbe wa baharini ukiwa juu ya kichwa chako, mkavu. Huo ndio uliokuwa usawa wa bahari.

Baadaye walikuja Waveneti, na mabaharia wao waliita kisiwa Cerigotto. Wakaazi wa sasa wametokana zaidi na Wakrete waliohamia mwishoni mwa karne ya 18. Kuanzia 1815 hadi 1864 kilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza pamoja na Visiwa vya Ionia, na Waingereza walikitumia kuwafungia wanasiasa waliodai kuungana na Ugiriki. Kikaungana 1864. Krete iliungana rasmi 1913, kwa hiyo kwa karibu miaka 50 mwamba huu ulikuwa mpaka wa nchi. Kiutawala leo kiko chini ya manispaa ya Kythera, mkoa wa Attica, mkoa mmoja na Athens. Msinicheke, ndivyo ilivyo.

---

kozi_juu_ya_genge alijibu:

Mzee ameshafungua mlango, mimi niingie na ndege. Hua, swali lako la kwa nini wanataga wakati mbaya ndilo lenyewe. Kwao si wakati mbaya.

Ndege wengi wa Ulaya hutaga mwezi wa 4 na wa 5 kwa sababu wadudu huwa wengi mwezi wa 5 na wa 6. Kozi wa Eleonora hafuati wadudu, anawafuata hao ndege wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa 8 hadi wa 10, mamilioni ya ndege wadogo wanashuka kutoka kaskazini kwenda Afrika. Wanaruka usiku. Alfajiri inawakuta juu ya bahari, hawana kichaka cha kujificha, na mwili umejaa mafuta ya safari. Sasa hesabu kinyumenyume: mayai hutagwa mwishoni mwa mwezi wa 7 na mwanzoni mwa wa 8, hulaliwa kama siku 30, vifaranga hutoka mwishoni mwa wa 8, na kwa wiki 5 hadi 6 zinazofuata wanalishwa nyama iliyonona kuliko yoyote ya mwaka. Mara nyingi mayai ni 2 au 3. Angetaga mwezi wa 5, vifaranga wangekuta bahari tupu.

Namna ya kuwinda ni hii. Kabla ya jua kuchomoza madume yanatoka kwenye magenge na kujipanga juu ya bahari, kila mmoja ameelekeza kichwa kwenye upepo, amesimama hewani, kuanzia karibu na mawimbi hadi mita 1,000 juu. Ni kama wavu uliotandazwa, ila kila tundu lake lina makucha. Ndege mdogo akimkwepa wa kwanza anakutana na wa pili. Anachonusurikia ni kushuka hadi kuigusa bahari na kukimbia chini chini, kwa sababu kozi akipiga mbizi hapo atatumbukia. Majike hubaki kwenye kiota wakisubiri kuletewa.

Kazi hiyo haiwezekani bila upepo. Meltemi, pepo ya kaskazini ya Aegean, huvuma kwa nguvu mwezi wa 7 hadi wa 9. Inawasukuma wasafiri kusini na wakati huohuo inambeba kozi asimame bila kuchoka. Kwa wana wa pwani, hii ina undugu na kusi: zote mbili zinavutwa na joto la Asia ya kiangazi. Joto hilo linafanya mgandamizo wa hewa uwe mdogo juu ya Asia; tawi lake moja linanyooka magharibi hadi Uturuki na kuivuta meltemi, na huku kusini kusi inavutwa kuvuka ikweta. Kusi ikishalegea na kaskazi kuanza kunusa, kozi naye yuko njiani kuja.

Kwa nini Antikythera basi? Kwa sababu ni mlangoni, magenge yana mashimo ya kutosha, na watu ni wachache. Ugiriki ina karibu asilimia 80 ya kozi wa Eleonora wote duniani. Hesabu ya visiwa iliyofanywa 2004 hadi 2006 ilipata zaidi ya jozi 12,000 nchini humo, na Antikythera ni mojawapo ya makoloni makubwa kabisa, mamia ya jozi kwenye kisiwa kimoja. Hawajengi kiota. Wanakwangua udongo kidogo kwenye pango, chini ya jiwe au chini ya kichaka, hata ardhini tambarare, na jozi huweza kupakana kwa mita chache.

Kutaga chini kuna gharama. Panya hula mayai na vifaranga wachanga, na kwenye vijisiwa kadhaa vya Ugiriki ilibidi panya waangamizwe kwanza. Jua nalo: mwezi wa 8 mwamba unachoma, mama akikurupushwa kwa nusu saa tu yai linaweza kupikika, au kunguru na shakwe wakaliwahi. Anayekwenda kupiga picha akae mbali, asubuhi au jioni, na asisimame juu ya ukingo wa genge kichwa kikichomoza angani. Ukisikia wanapiga kelele na kuzunguka juu yako, umeshasogea mno. Rudi.

Nje ya msimu wa kulea huyu kozi ni mla wadudu: kerengende, mbawakavu, kumbikumbi, anawakamata na kuwala hukohuko hewani. Huku kwetu na Madagaska, hicho ndicho chakula chake. Jina lake ni la Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 ambaye sheria zake zilikataza kuwachukua ndege wawindaji kwenye viota.

Kituo cha ndege pale kinaendeshwa na chama cha elimu ya ndege cha Ugiriki. Nyavu nyembamba sana hufunguliwa alfajiri na kukaguliwa kila nusu saa hivi, jua likikaza mapema zaidi, kwa sababu ndege akikaa kwenye wavu juani anakufa. Anatolewa, anatiwa kwenye kifuko cha kitambaa, anavishwa pete ya alumini yenye namba, bawa linapimwa, kisha manyoya ya kifuani yanapulizwa yapanuke ili mafuta chini ya ngozi yaonekane. Mafuta hupewa alama toka 0 hadi 8, msuli wa kifua toka 0 hadi 3. Wa masika wanafika toka Sahara na bahari wakiwa na alama 0 au 1, mfupa wa kifua unachoma kidole. Wa vuli wamenona. Keremkerem, mbayuwayu, kubwiro, hua, shore wa kila aina, wengi wao ni walewale wanaoshinda na nyinyi Afrika Mashariki kuanzia mwezi wa 11. Wale wakubwa wanaoelea kwa hewa ya joto, kama shakivale mla-nyigu, wanapita hapo kwa sababu juu ya maji hewa hiyo haipandi, kwa hiyo wanaruka toka nchi kavu hadi nchi kavu na kila kilomita iliyopunguzwa ina thamani.

Wanyama wengine kwa ufupi: sili wa Mediterania hutumia mapango ya ufukweni, na kwenye vijisiwa vya Pori na Lagouvardos, kati ya Kythera na Antikythera, kuna mjusi ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, Podarcis levendis, aliyetambuliwa kuwa spishi yake 2008. Spishi nzima inaishi kwenye miamba miwili.

---

BintiMuscat alijibu:

Niongezee la njia, maana vitabu vya zamani vimewapotosha wengi. Vilisema kozi wa Eleonora wanafuata Mediterania hadi Suez, wanashuka Bahari ya Shamu, wanazunguka Pembe ya Afrika ndipo wanaingia Madagaska. Vifaa vya setilaiti vilipoanza kufungwa mgongoni mwao miaka ya 2000, ikaonekana wengi hawafuati pwani yoyote. Wanakata Sahara moja kwa moja, wanavuka ukanda wa ikweta, kisha wanageukia Bahari ya Hindi na kuvuka mlangobahari wa Msumbiji. Wanaruka mchana na usiku pia. Kwa ndege wa Aegean ni safari ya kilomita elfu kadhaa kwenda, na kiasi hicho kurudi. Mnaowaona pwani ya Kenya na Tanzania ni wale ambao njia yao imepinda mashariki, hivyo msishangae mwaka mmoja wakiwa wengi na mwaka wa pili wasionekane.

Tahadhari ya pili ni kwa Hua hasa. Si kila kozi mweusi wa mwezi wa 11 ni Eleonora. Kuna binamu yake, kozi wa rangi ya masizi, Falco concolor, ambaye anatagia huku kwetu Oman, kwenye kisiwa cha Fahal karibu na Muscat na visiwa vya Daymaniyat, pia Bahari ya Shamu na majangwa ya jirani. Naye analea mwishoni mwa kiangazi kwa hila ileile, naye anakwenda Madagaska kupitia kwenu.

Kuwatenganisha: Eleonora ni mkubwa zaidi, mkia mrefu, bawa refu lenye mapigo ya polepole kama hana haraka. Robo hivi ya Eleonora ni weusi wa chokoleti mwili mzima. Waliobaki wana shavu jeupe na tumbo la rangi ya kutu lenye michirizi. Angalia chini ya bawa: sehemu ya mbele ni nyeusi, na mzizi wa manyoya ya kurukia umefifia, hiyo tofauti ndiyo muhuri wake. Wa masizi akikomaa ni kijivu cha risasi, miguu njano, na akitua ncha za bawa zinafika mwisho wa mkia au kuupita. Kozi-mwewe wa Ulaya, Falco subbuteo, ni mdogo, ana "suruali" nyekundu na chini ya bawa pana madoadoa ya sawasawa bila ule mgawanyiko. Wale wanaokuja makundi makubwa pamoja na kumbikumbi mwezi wa 12 mara nyingi ni wa Amur, na dume lake lina bawa jeupe chini upande wa mbele, miguu ya machungwa. Kozi wasiokomaa, wa Eleonora na wa masizi, ndio mtihani. Kama hukupata picha ya bawa kwa chini, andika "kozi" tu uendelee na safari.

---

Mzamia_Kina alijibu:

Swali la meli. Mzee ameshasema kwamba pale ni mlangoni, na meli ilizamia mlangoni. Ilikuwa ya mizigo, katika miaka ya 60 kabla ya Kristo au karibu na hapo, imebeba sanamu za shaba na marumaru, vyombo vya kioo na mitungi toka mashariki ya Aegean kuelekea magharibi. Haikuwa ikienda Antikythera. Iligonga au ilisukumwa kwenye genge la Glyphadia, upande wa mashariki, ikateremka mteremko hadi mita 45 na zaidi.

Iligunduliwa masika ya 1900. Wazamiaji wa sifongo wa kisiwa cha Symi, chini ya nahodha Dimitrios Kontos, walijibanza pale kukwepa dhoruba. Elias Stadiatis akashuka kutafuta sifongo, akapanda akisema ameona rundo la maiti za watu na farasi. Zilikuwa sanamu. Serikali ya Ugiriki ikatoa meli ya jeshi, kazi ikaanza Novemba 1900 na kuendelea hadi Septemba 1901. Ndipo ikapatikana sanamu ya shaba ya kijana inayosimama sasa kwenye Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Athens.

Bei ya kazi hiyo: mzamiaji mmoja alikufa, wawili walipooza. Sababu ni hesabu ya kawaida. Kwenye mita 50 mgandamizo ni mara 6 ya ule wa juu, na hewa inayosukumwa kwa pampu lazima iwe na mgandamizo huohuo, la sivyo kifua hakifunguki. Nitrojeni inaingia damuni na kwenye mafuta ya mwili mara 6 ya kawaida. Ukipanda haraka inatoka kama povu la soda iliyofunguliwa, linaziba mishipa, uti wa mgongo unaumia. Wale Wasymi walikuwa na vazi la kofia ya shaba, dakika kama 5 chini, mara mbili kwa siku, na hakuna jedwali la kuwaambia wasimame wapi na kwa muda gani wakati wa kupanda. Majedwali ya kwanza ya kuaminika, ya mwanasayansi Haldane na wenzake, yalitoka 1908.

Nimesoma humu kwenye uzi mwingine kwamba Cousteau, yule mzamiaji maarufu Mfaransa, ndiye aliyeigundua. Hapana. Cousteau alikwenda 1976, akanyonya mchanga kwa bomba na kupata sarafu za Pergamo na Efeso, na hizo ndizo zilizosaidia kukisia mwaka wa kuzama. Kazi mpya ilianza 2012. Sasa wanatumia vifaa vinavyosafisha hewa iliyopumuliwa na kuirudisha, na mchanganyiko wenye heliamu, kwa sababu kwenye kina hicho nitrojeni inalevya na oksijeni nyingi inatia kifafa. Mwaka 2016 walipata mifupa ya binadamu, 2017 mkono wa shaba, 2022 kichwa kikubwa cha marumaru kinachodhaniwa ni cha Herakles. Bado kuna mawe makubwa yaliyoporomoka juu ya mzigo, na hayo ndiyo kikwazo hasa.

---

fundi_saa alijibu:

Hamjaitaja mashine, basi mimi kwa kifupi, maana uzi ni wa kisiwa. Ilitoka majini 1901 kama donge la kutu, na mwaka 1902 mwanaakiolojia Valerios Stais akaona gurudumu la meno ndani yake. Leo ni vipande 82, magurudumu 30 yamethibitishwa, 27 kati yake yako kwenye kipande kimoja kikubwa. Haikutengenezwa Antikythera, ilikuwa mzigo tu.

Uzuri wake uko kwenye meno. Wagiriki walijua kwamba miaka 19 ni sawa na miezi ya mwandamo 235, na ndani yake mwezi unazunguka nyota mara 254. Kwa hiyo mkono wa mwaka ukizunguka mara 1, wa mwezi uzunguke 254 gawa kwa 19. Aliyeitengeneza aliupataje uwiano huo? Meno 64 yanasukuma 38, mhimili huo una 48 yanasukuma 24, mhimili unaofuata una 127 yanasukuma 32. Zidisha: 64/38 × 48/24 × 127/32. Jibu ni 254/19 kamili, bila kubaki. Namba 127 haikwepeki kwa sababu ni tasa, na 254 ni mara mbili yake. Gurudumu jingine lina meno 223, idadi ya miezi baada yake kupatwa kwa jua na mwezi kunajirudia. Kuchonga meno 223 sawasawa kwenye bamba la shaba kwa tupa, jaribu uone.

---

Hua_wa_Tanga aliandika:

Ahsanteni sana, wakuu. Dada wa Muscat, umenifanya nitilie shaka nusu ya orodha yangu. Mawili ya mwisho: mtu akitaka kwenda kuona, anakwendaje na lini? Pia ile habari kwamba wanalipa watu wahamie, ni kweli? Na nikiokota ndege mwenye pete huku Tanga nifanye nini?

---

Mzee_wa_Ramani alijibu:

Ya kulipwa kwanza, maana ndiyo inayosambaa sana. Habari ya 2019 ilihusu mpango wa jimbo la Kanisa la Orthodox la Kythera kwa familia chache zenye watoto: nyumba na euro 500 kwa mwezi kwa miaka 3, na Wagiriki walitangulizwa. Haikuwa ajira wala viza kwa yeyote atakayetuma barua pepe. Anayekuomba ada ya kukuandikisha ni tapeli.

Kwenda: kwa pasi ya Tanzania au Kenya utahitaji viza ya Schengen. Hakuna uwanja wa ndege. Meli inayounganisha Piraeus, Kythera na Kissamos ya Krete hupitia Potamos, na njia ya Kissamos ndiyo fupi. Tatizo ni kwamba ghuba ya Potamos imefunguka kaskazini, palepale meltemi inapotokea. Upepo ukikaza meli inapita bila kutia nanga, au haiondoki kabisa. Weka siku 3 za akiba kila upande na usikate tiketi ya ndege ya Athens kwa siku ileile ya kushuka. Chukua fedha taslimu, dawa zako zote na viatu vya soli ngumu, ile chokaa imechongoka kama wembe. Nafasi ya kulala ipigie simu kabla, hasa kuelekea tarehe 17 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Myron, ambapo wenyeji waliotawanyika wanarudi na kisiwa kinajaa.

Mtazamaji wa ndege aende katikati ya mwezi wa 4 hadi wa 5 kwa wasafiri wanaotua, hasa upepo wa kusini ukikutana na mvua, au mwishoni mwa wa 8 hadi wa 9 kwa kozi. Kwenye eneo la meli kuzamia ni marufuku. Usiokote kigae wala risasi ya kombeo hata kama imelala njiani, sheria ya Ugiriki ya mambo ya kale, namba 3028 ya 2002, haina mzaha.

---

kozi_juu_ya_genge alijibu:

Pete. Akiwa hai, usiivue. Mshike mwili mzima mabawa yakiwa yamefungwa, kichwa kati ya vidole viwili, usimbane kifua maana anapumua kwa kifua kupanuka. Soma maandishi yote, pamoja na herufi na jina la nchi au makumbusho, izungushe pete taratibu usome pande zote. Piga picha za pete kila upande, moja ya bawa lililofunguliwa na moja ya ndege mzima, kisha mwachie. Akiwa amekufa, nyoosha pete na uibakize. Andika tarehe, mahali kwa jina la kijiji na namba za ramani za simu, na namna alivyopatikana: amegonga dirisha, ameletwa na paka, yu mzima kwenye wavu wa samaki. Peleka kwenye tovuti ya Euring (mtandao wa Ulaya wa pete za ndege) au Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ambako wanazijua hizo taratibu kwa sababu ya Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako ndege wa Ulaya wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969.

Makosa yanayoua taarifa ni mawili: 1 kusomwa 7, na kuandika "Tanga" tu. Tanga ni mkoa mzima.